Ua, Bustani, Mji

Nimezungushia ua nyumba za watu katika mji huu wa Birmingham hadi nimesahau idadi, na kazi hiyo sikuisomea popote. Darasa la nne ndilo mwisho wangu wa shule, kule shamba Unguja, na hilo la nne lenyewe nililikaa mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nalisema mapema asije mtu akanitafutia makosa. Neno ninalotaka kulieleza hapa sikulipata kitabuni. Nililipata nikiwa nimeshika mtaimbo, na nikalielewa sawasawa mwaka ule mke wangu alipokuwa akiumwa maradhi yaliyomwondoa.

Nilifika nchi hii kijana, nikaingia kiwanda cha vipuri vya magari. Kiwanda kilipofungwa, wenzangu wengi walikwenda kupanga foleni ya posho ya serikali. Mimi nikanunua gari kuukuu la mizigo, chepe, mtaimbo, uzi na pima maji, nikaanza kugonga milango ya watu. Mzungu ana jambo moja: hawezi kutulia akiona ua wake umelala chini. Upepo ukivuma sana, kesho yake nina kazi. Nyumba nimenunua kwa upepo, binti yetu nimemsomesha kwa upepo, na sikumwinamia mtu.

Siku moja nilikuwa Edgbaston, kwa bibi mmoja wa Kijerumani, nyumba kubwa yenye miti mirefu. Wateja wengi wa Edgbaston humtazama fundi kupitia dirishani, kama wanamwangalia ndege. Huyu alitoka nje na vikombe viwili vya kahawa, akasimama kando ya shimo langu.

“Kwetu hicho unachojenga tunakiita Zaun,” akaniambia. Alilitamka kama neno linaloanza na ts. Tsaun.

“Jina zuri,” nikamwambia. “Hebu nishikie huo uzi.”

Akaweka vikombe chini, akashika uzi. Baada ya kidogo akasema, “Na nyinyi Waingereza mnalo neno hilo hilo, ila mmelipoteza maana.”

“Mimi si Mwingereza.”

“Hata mimi. Ndiyo maana tunaweza kuwasema.”

Akanieleza kwamba zamani sana, kabla Waingereza hawajavuka bahari kuja kisiwa hiki, walikuwa ndugu na Wajerumani na Waholanzi na watu wa kaskazini kule, wakisema karibu lugha moja. Walikuwa na neno moja la kitu kilichozungushiwa. Ndugu wakatengana, kila mmoja akaondoka na neno lake kama mirathi. Mjerumani akabaki na ua wenyewe, zile fito na mbao. Mwingereza akachukua kilichomo ndani ya ua: kwanza nyumba na zizi, halafu watoto wakajenga pembeni, pakawa kijiji, pakawa soko, na bado wakapaita kwa neno lile lile. Leo wanasema “town”, mji, wala hakuna anayekumbuka kwamba ulikuwa ua.

“Hata hii Edgbaston,” akasema, “huo mkia wake wa mwisho, ton, ndio huo huo. Ni ua wa bwana mmoja wa zamani.”

Nikarudi kwenye zege, maana lilikuwa linakauka. Lakini jioni ile nikiendesha gari kurudi nyumbani nilivisoma vibao vya barabarani kwa jicho jingine. Aston. Erdington. Kila penye mkia ule nikaona mtu anapigilia nguzo.

Nikamsimulia mke wangu. Alikuwa anamenya muhogo. Hakuacha kumenya.

“Bibi mzima amekutoa kazini kukwambia hilo?” akasema. “Kwani sisi boma ni nini? Si la ng'ombe, na si alikokaa mkuu wa wilaya? Na bibi yangu akisema ‘mji wangu’ alikuwa na mji gani, masikini? Kibanda na migomba. Maneno ya watu wote yanatoka uani, bwana we.”

Ndivyo alivyokuwa. Mimi nikileta jambo limevaa kanzu, yeye analivua.

Nyumba yetu iko Castle Vale, mtaa uliojengwa baada ya vita juu ya uwanja wa ndege wa zamani. Ukichimba pale, chepe linaweza kugota kwenye zege ambalo hakuna anayelijua. Nyuma ya nyumba tuna kiwanja. Upande wa kulia ni ukuta wa gereji, hauna dirisha. Nyuma kabisa, ng'ambo ya ua wangu, kuna njia ya miguu, watu wanapita na mbwa wao. Kushoto ni kwa jirani wa kike, nyumba ya pembeni, ya mwisho katika safu. Ua wa upande ule niliupandisha mwenyewe mwaka tuliohamia, hadi pale sheria inapokoma, kimo cha mtu mrefu na kilemba chake. Kwa karatasi za nyumba ua ule ulikuwa wa jirani, lakini mume wake, Mwingereza mpole, aliniambia fanya utakavyo, mradi yeye hashiki nyundo.

Niliupandisha kwa ajili ya mke wangu. Nje alikuwa mtu wa buibui, kituo cha basi, sokoni, hospitalini, hata siku za joto. Lakini kwetu mwanamke ana ua wake. Humo hujifunga kanga kifuani, huachia nywele, hukuna nazi, hucheka kwa sauti yake yote. Miaka mingi ua ule ulimtunza. Wageni wake wa kike walikuja, wakasukana, wakapakana mafuta ya nazi, wakatusema sisi wanaume, nami nilikuwa nasikia kupitia dirishani na sijali.

Kisha akaumwa. Hospitali ilipotaja ugonjwa, binti yetu, aliyekuwa amekaa katikati yetu, alishindwa kuutaja kwa Kiswahili. Huyu mtoto kazaliwa hapa; anatuelewa yote, kujibu ndiyo kazi. Mama yake akamshika mkono. “Ni mji wa mimba,” akasema. “Nimefahamu. Basi mji umeingiliwa.”

Wakampa dawa za mishipani. Nywele zikapukutika, nywele ambazo nilizijua tangu zikiwa nyeusi. Ngozi ya kichwa ikawa nyepesi, inawaka. Kitambaa kikimgusa anakunja uso. Akikaa ndani anakiondoa, lakini ndani ya nyumba za hapa hakuna jua, kuna mwanga tu. Mwisho wa baridi daktari akasema dawa zimefanya zilichoweza, sasa apumzike. Hakuna aliyehitaji kututafsiria hilo. Tulijua hataiona baridi nyingine.

Akaniomba jambo moja. “Nataka nikae uani kichwa wazi,” akasema. “Jua linipige utosini. Si zaidi ya hapo.”

Nikamwambia hilo dogo. Wiki ile ile upepo mkubwa ukaja, ukaulaza ua wa upande wa jirani wote, nguzo na mbao, ukaumwaga juu ya kiwanja chake.

Nilivyosimama pale asubuhi nilikaribia kucheka. Fundi mzima. Nikaenda garini kuchukua vifaa.

Jirani alinitangulia. Mumewe alikuwa ameshafariki, na yeye tangu abaki peke yake alikuwa ameanza kulima. Ni mwanamke wa Kiholanzi, mrefu, mtu wa umri wangu, aliyeolewa akaja huku na hakurudi kwao. Alikuwa amesimama katikati ya mbao zilizoanguka, kavaa viatu vya mpira.

“Usiniletee ule ukuta tena,” akasema.

“Ni ua, si ukuta.”

“Mume wangu ndiye aliyekuruhusu. Mimi sikuulizwa. Kila mwaka napanda upande huu, kila mwaka ua wako unanilia jua la mchana. Leo ndiyo mara ya kwanza jua linafika kwenye tuin yangu.”

“Kwenye nini?”

“Tuin. Bustani. Ni Kiholanzi.” Alilisema kwa mdomo wa mtu anayepuliza chai.

Nilikuwa na hasira, lakini sikio ni sikio. Nikamwambia kuna Mjerumani aliwahi kuniambia kwao ua ni Zaun.

“Ni neno moja,” akakubali. “Kwao mbao, kwetu kilichomo ndani.”

“Basi lugha yenu yenyewe inakuhukumu. Bustani isiyo na ua haina hata jina.”

“Lugha yetu haikusema uwe mrefu kama wa gereza.”

“Mfupi hautatosha.”

“Kumzuia nani? Mimi? Nimekaa hapa miaka yote hii, nimewahi kukuchungulia?”

Sikuwa namzuia yeye. Lakini ua wake wa nje, ule unaopakana na njia ya miguu na ule wa pembeni barabarani, ulikuwa mfupi kama meza. Wetu wa katikati ukiwa chini, kila mwenye mbwa anaona moja kwa moja hadi mlango wa jiko langu. Ningemweleza kwa sentensi moja. Sikuweza. Kichwa cha mke wangu kilikuwa siri yake, si yangu kuimwaga juu ya udongo mbele ya mtu, hata awe jirani mwema. Nikamwambia tu, “Nina sababu zangu.”

“Na mimi nina maharage yangu,” akasema, akaingia ndani.

Binti akaja kutoka Ladywood, anakokaa ghorofani. Akasikiliza yote, akasema kwa Kiingereza chao kile cha haraka, “Dedi, mnunulie tu tenti.”

“Mama yako si mtalii.”

“Basi mwavuli mkubwa.”

“Anataka jua, wewe unampa mwavuli.”

Hakuwa na kosa. Mtu anayekaa ghorofani ataujulia wapi ua.

Nikaamua nitakalofanya. Jirani hataki ua kwenye mpaka wake, vema, nitaujenga ndani ya mpaka wangu, hatua moja huku. Hapo hana la kusema. Kivuli kitamwangukia vile vile, lakini kivuli hakina karatasi. Nilijua jambo hilo si la ujirani mwema, na nililijua nikalifanya, maana siku za mke wangu zilikuwa zinakwisha na mimi ninachokijua ni kujenga ua.

Siku ya tatu yake ilikuwa na jua. Nikavuta uzi, nikaanza kuchimba. Shimo la kwanza likakubali. La pili likagota kwenye zege la zamani, nikachukua mtaimbo nikawa nalipiga. Jirani alikuwa upande wake, amepiga magoti kwenye udongo, ananipa mgongo. Hatukusalimiana. Kila nikipiga, mabega yake yanashtuka.

Mlango wa jiko ukafunguka. Mke wangu akasimama pale na mtandio kichwani, kaushika kwa mkono usimguse sana.

“Unamzungushia nani?” akaniuliza.

“Wewe.”

“Nisionwe na nani?”

“Wapita njia. Wenye mbwa.”

“Wanaonea wapi?”

Nikamwonesha kwa mtaimbo. Kule pembeni, kule nyuma, ua wa jirani wa kimo cha meza.

“Basi mbona unachimba hapa?”

Nikaupiga tena mtaimbo.

“Nakuuliza wewe fundi. Macho yanatoka kule, wewe unaziba huku. Huyu,” akamwonesha jirani kwa kidevu, “ni mwanaume?”

“Hapana.”

“Ana mwanaume ndani?”

“Hana.”

“Sasa mimi nijifiche kwa mwanamke mwenzangu tangu lini?”

Akamwita jirani kwa Kiingereza chake cha sokoni, kichache lakini kilichonyooka. “Jirani, njoo. Nataka kukuonesha kitu.” Kisha akaniambia mimi, kwa Kiswahili, “Wewe kaa huko huko.”

Jirani akafuta mikono kwenye suruali, akapita juu ya uzi wangu, akaingia jikoni kwangu. Mlango ukafungwa. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji, naangalia shimo. Walikaa humo muda wa chai kuchemka na kunywewa. Sikusikia kitu.

Alipotoka jirani, alikuwa na uso wa mtu aliyeoshwa. Hakunitazama. Alitazama viwanja vyetu viwili, chake na changu, kana kwamba ameoneshwa nyumba ya kununua.

“Nilipokuwa msichana,” akasema, “nilikwenda Norway kufanya kazi ya kukamua ng'ombe. Kule nao wana neno hilo letu. Wanasema tun. Lakini kwao si ua, wala si bustani. Ni pale katikati ya nyumba zote za shamba. Nyumba ya wazee hapa, ya kijana na mkewe pale, ghala, zizi, na milango yote inatazamana. Katikati ndipo tun. Nilikuwa nafua pale na wanawake wa nyumba zote.”

Mke wangu alikuwa amerudi mlangoni. “Kama kwetu,” akasema. “Nyumba ya mama, ya shangazi, ya jirani mshona kofia. Milango ya uani yote inafungukia mahali pamoja, na ua mmoja unazunguka wote.” Akanigeukia. “Wewe si umekulia humo? Au umesahau kwa sababu ya ramani za Waingereza?”

Nilikuwa nimesahau. Sitasema nilikuwa nafikiria, sikuwa nafikiria. Miaka yote nimejenga ua mahali ambapo karatasi imechora mstari, nikalipwa, nikaenda. Kila nyumba na wake. Hata siku ile nataka kumsitiri mke wangu mwenyewe, nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa karatasi kama ng'ombe anayerudi zizini.

“Unasema tuzungushe viwanja vyote viwili,” nikamwambia.

“Nasema zungusha nje. Katikati toa.”

Jirani akauma mdomo. “Kwenye njia huwa nasalimiana na watu,” akasema. “Na mbwa. Ukiziba, nitawasalimia vipi?”

Mke wangu akamjibu, “Atakuwekea mlango mdogo. Ukitaka kusalimia, fungua. Ukimaliza, funga.”

“Nani ana ufunguo?”

“Wewe. Mimi sina mbwa wa kusalimia.”

Jirani akacheka kwanza yeye, kisha mke wangu. Nikafukia mashimo yangu mawili.

Kazi ile niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote ya Edgbaston. Nguzo mpya kuzunguka nje, kutoka kona ya ukuta wa gereji, nyuma yote kando ya njia, hadi pembeni ya nyumba ya jirani barabarani. Huko kivuli hakikufika kwenye matuta yake ila asubuhi kidogo. Mabaki ya ua wa katikati nikayang'oa. Upande laini wa mbao, ambao desturi ya hapa ni kuwatazamisha watu wa nje, nikautazamisha ndani. Jirani alinishikia uzi siku zote, na alikuwa na jicho. Mara mbili aliniambia nguzo imelala, nikaweka pima maji, kweli imelala.

Bwana mmoja akapita na mbwa wake akasimama. “Mnaficha nini humo?” akauliza. “Dhahabu?”

“Vikongwe wawili,” jirani akamwambia. “Ungetuona ungekimbia.”

Nilipomaliza nguzo ya mwisho nilimwambia mke wangu ua uko tayari. Akaniambia nitoke. Nikaenda kukaa chumba cha mbele, kile cha kutazama barabara.

Majira yote ya joto, kila siku yenye jua, alikaa humo kichwa wazi. Mwanzoni kwenye mkeka, kisha kwenye kiti, kisha kwenye kile kitanda kidogo ambacho binti alikileta. Jirani alikuwa upande wake, analima, halafu anakuja, halafu anarudi. Mimi nikabaki na tatizo ambalo sikulitazamia. Siku moja niliwaandalia chai, nikafungua mlango wa jiko na sinia mkononi, kwa kuwa ni kiwanja changu, nikasikia mke wangu anapiga kelele.

“Wewe, hodi hujui? Mwenzangu kavua blauzi.”

Nikarudi nyuma, chai ikamwagika. Nikasikia wanacheka huko nje, cheko la mke wangu lile la uani, ambalo lilikuwa limepungua nguvu lakini ndilo lenyewe. Tangu siku hiyo nilisimama nyuma ya mlango wa jiko langu mwenyewe nikapiga hodi. Mara nyingine nilijibiwa karibu. Mara nyingi nilijibiwa ngoja. Nilingoja. Kupitia kitambaa cha dirisha niliona mara moja, na sikukusudia, jirani amekaa nyuma yake, kampakata kichwa mapajani, anampaka mafuta ya nazi kwa vidole vyake vya udongo, taratibu, na mke wangu amefumba macho, uso juani. Nikaondoka dirishani.

Alifariki majani yalipoanza kuanguka. Wanawake wa msikitini walimwosha, na jirani aliomba kuingia; wakamwonesha mahali pa kukaa. Mazishi yalikuwa asubuhi ya mvua. Juu ya hayo sina la kuongeza.

Baridi ikapita. Nilikuwa nikitoka uani namkuta jirani anapunguza matawi, tunasalimiana, mimi narudi ndani haraka kuliko nilivyotaka. Haikuwa chuki. Ua ule ulijengwa kwa ajili ya wanawake wawili. Sasa umebaki na mwanamume mmoja asiye na mke na mwanamke mmoja asiye na mume, ndani ya mzunguko mmoja, milango inatazamana. Kwetu haifai. Binti alisema hakuna anayejali, wote ni wazee. Mimi najali. Mtu akishazeeka ndipo anapobaki na heshima tu.

Siku ya kwanza ya jua nikamwambia jirani. “Lazima niweke ua katikati.”

Akasimama na mkasi wake. “Nimekukosea nini?”

“Hujanikosea. Mke wangu hayupo. Mimi mwanamume, wewe uko peke yako. Si vizuri.”

“Kwa umri wetu huu? Nina goti la chuma.”

“Hata goti la chuma lina heshima yake.”

Alitaka kucheka, akaniangalia, akaacha. Akatazama mahali pale kitanda kilipokuwa. Nyasi zilikuwa bado zimelala.

“Yeye angesema nini?” akaniuliza.

“Angesema nimechelewa.”

Akaitikia kwa kichwa polepole. “Basi kimo nachagua mimi.” Akaweka kiganja chake kiunoni.

Kwa kimo hicho mbao za dukani hazina maana. Nikaenda kununua fito, za mti mmoja wa hapa unaopindika bila kukatika, nikachomeka vijiti vya kusimama kwenye mstari ule wa zamani, nikaanza kusuka. Sikuwa nimesuka ua tangu nikiwa mtoto, kwa baba, kwa makuti. Mikono ilikumbuka. Jirani alitazama kitambo, akaniambia kwamba hicho ndicho hasa neno lao lilikuwa linasema hapo kale, kabla ya bustani: fito zilizosukwa. Hakuna Mholanzi wa leo anayeliwaza, akasema, wanawaza maua.

“Shika ncha hiyo,” nikamwambia.

Unaweza kusuka ua peke yako, lakini inabidi uzunguke huku na huku kila fito. Afadhali awepo mtu kila upande. Mimi napitisha, yeye anavuta, ananirudishia. Tulifika ukutani kwa nyumba jua likiwa katikati, nikakata ncha ya fito ya mwisho, yeye akaingia mlango wake na mimi nikaingia wangu kuchukua udhu.